Gari la Nyuma

Ijumaa iliyopita, pwani ya Qantab, mkwe wangu alijaza ndoo maji ya bahari akaimwaga juu ya makaa tuliyochomea mishkaki. Makaa yakapiga kelele, mvuke mweupe ukapanda, na harufu ya jivu lililoloa ikatanda pale mkekani. Wenzangu wakaziba pua wakasogea. Mimi nikabaki palepale nikavuta pumzi ndefu, mpaka binti yangu akasema, "Mama, hebu ondoka hapo, utakohoa mpaka kesho." Kukohoa nilikohoa, lakini wakati huo nilikuwa nishafika mbali, nimerudi kuwa mtoto niliyenuna, nimekaa mchangani kwenye pwani hiyohiyo, nimewapa watu mgongo.

Tulikaa Darsait, mtaa wa Maskati, wakati ule, ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi wa redio aliyeshinda akijaribu spika za watu kwa sauti ya juu. Nyinyi wa rika langu mtaikumbuka Darsait ile, ngazi zenye harufu ya samli na ubani, na akina mama wakipashana habari kutoka dirisha hadi dirisha, nusu Kiarabu nusu Kiswahili. Majirani zetu karibu wote walirudi Oman kutoka Unguja. Sisi tulirudi kutoka Tabora, na jambo hilo hatukuachiwa tulisahau. Jirani wa mlango wa pili alikuwa hachoki kumtania Bibi, mama yake baba yangu. "Nyinyi watu wa bara, hilo garimoshi lenu mmeliacha wapi?" Naye Bibi akimjibu, "Tungekuja nalo, lakini tulijua nyinyi wa visiwani mtalikimbia."

Mimi garimoshi sikuwahi kuliona. Oman haikuwa na reli hata kipande, na sasa tu ndiyo tunasikia inajengwa huko juu, upande wa Suhar. Hata hivyo nyumbani kwetu tulisafiri kwa sheria za garimoshi, na aliyezitunga ni Bibi. Sheria kubwa ilikuwa moja, kwamba watu wa nyumba moja hawapandi wote gari moja. Tukienda harusi Ghubra, tukienda kuzuru wagonjwa, tukienda Qantab Ijumaa baada ya swala, yalitoka magari mawili, la mbele la Ami Khalfan, kaka yake Baba, na la nyuma la Baba. Baba na Ami Khalfan tulikaa nao pamoja nyumba ile, kwa hiyo magari yote mawili yalisubiri mlangoni, na Bibi alisimama kwenye ngazi ya chini kabisa na kutugawa. Alimgusa kila mtu begani. "Wewe mbele. Wewe nyuma." Ami Khalfan akipiga honi mara mbili na kuita, "Abiria wote ndani! Kituo kinachofuata Qantab!" Watu wakacheka, isipokuwa Bibi. Yeye alikuwa akisoma dua, midomo inacheza.

Mpango wenyewe haukubadilika hata siku moja. Bibi alikaa gari la mbele, kiti cha nyuma ya dereva, na dada yangu Zuwena pembeni yake. Mama na mimi tulipanda gari la nyuma na Baba.

Sasa nisikilizeni kesi yangu kama nilivyoijenga akilini, maana niliijenga vizuri. Gari la Ami Khalfan lilikuwa jeupe, jipya, lina kiyoyozi kinachotoa baridi ya kweli. Bibi alipanda na mkoba wake, na ndani ya mkoba mlikuwa na karanga za sukari. Gari la Baba lilikuwa kuukuu, refu, dirisha langu limekwama nusu, na kule nyuma tulibeba masufuria, mikeka, gunia la mkaa na bakuli la nyama iliyotiwa tangawizi na ndimu ikitikisika njia nzima. Ukitaka kujua mtu anapenda nini, tazama anapanda nacho gari gani. Bibi alipanda na Zuwena. Nyuma aliweka vitu ambavyo vikipotea atanunua vingine: masufuria, mkaa, na mimi.

Nilimuuliza Mama kwa nini kila siku sisi nyuma. Mama akasema, "Ndivyo Bibi yako apendavyo." Hakujua kwamba amenichoma. Nikamuuliza Baba, naye akasema mama yake ana hofu ya safari tangu utotoni na tusimsumbue. Hofu gani, nikajisemea, ya mtu anayekula karanga kwenye kiyoyozi?

Nikaanza kukusanya ushahidi. Bibi alimsuka Zuwena nywele polepole, mimi alinisuka haraka kama anayekimbilia jungu jikoni, na wala sikuhesabu kwamba mimi ndiye niliyekuwa situlii. Zuwena alitumwa kumletea miwani, mimi nikatumwa kutupa maganda. Hata kuhusu makaa nilikuwa na hukumu yangu. Kule Qantab, kila mara ulipofika wakati wa kuyazima, Bibi aliinuka, akajifunika kanga, akaenda zake mwisho wa pwani, karibu na boti za wavuvi, na hakurudi mpaka mvuke wote uishe. Nikaona basi ni mtu asiyependa kazi chafu, kama asivyopenda gari chafu na watu wake.

Jambo moja tu halikukaa sawa katika kesi hiyo, nalo ni kwamba Zuwena mwenyewe hakukipenda kiti chake. Alikuwa akilalamika kwamba Bibi humshika mkono tangu mlangoni mpaka Qantab, na tukifika kwenye mteremko humbana vidole mpaka vinakufa ganzi. "Karanga zenyewe nazila kwa mkono wa kushoto," aliniambia, "na Mama akijua atanigombeza." Niliona ni maringo. Mimi ningetoa bangili zangu zote nibanwe vidole namna ile.

Ijumaa moja tukapatana. Zuwena anipe ushungi wake wa kijani, mimi nimpe wangu. Bibi aliwagawa watu kama kawaida, kisha akapanda tena juu, maana alikuwa amesahau miwani. Hapo ndipo tulipobadilishana, ushungi na gari. Nikaingia gari la Ami Khalfan, nikajibanza dirishani, nikafunika uso nusu kwa ushungi na kujifanya nasinzia. Ami Khalfan aliniona kwenye kioo. Akainua nyusi, akatabasamu, akanyamaza. Alikuwa mtu wa kupenda vituko na hakujua mimi ninatafuta nini.

Bibi akarudi na miwani mkononi, akaketi, akanyoosha mkono bila kunitazama na kuushika wangu. Mkono wake ulikuwa mkavu, wenye joto, una harufu ya karafuu. Nikasema moyoni, basi hivi ndivyo wanavyojisikia wanaopendwa. Tukapita Ruwi, tukaingia Wadi Kabir, barabara ikaanza kupanda mlima. Nilikuwa na raha ambayo siwezi kuieleza. Hata karanga sikuziwaza.

Tulipofika juu, pale barabara inapoanza kuteremka na unaona bahari chini kabisa, Bibi akanibana vidole. Akabana tena. Kisha akaulegeza mkono wake, akaupapasa wangu kidole kwa kidole.

"Huu si mkono wa Zuwena," akasema.

Akanivua ushungi usoni. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Nilitegemea hasira, na hasira ningeimudu, lakini Bibi alikuwa ameogopa.

"Khalfan, simamisha gari."

"Mama, hapa mteremkoni? Tukifika chini—"

"Nnakwambia simamisha! Simamisha sasa hivi!"

Ami Khalfan akasogea pembeni ya jabali, na Baba akasimama nyuma yetu. Bibi akashuka, akanitoa garini kwa mkono, akanipeleka gari la nyuma upesi upesi, viatu vyake vikiteleza kwenye changarawe. Akanikabidhi kwa Mama dirishani. "Huyu anakaa nyuma," akasema, anahema. "Huyu nyuma. Mumeniskia?" Kisha akamchukua Zuwena na kurudi naye mbele. Watoto wa Ami Khalfan, waliokuwa wamegawanywa huku na huku, wakatoa vichwa madirishani kutazama. Nilitamani mlima ule unifunike. Kesi yangu ilikuwa imekwisha, na mwenye kuhukumiwa nilikuwa mimi.

Pwani nikakataa kula. Waliniletea mishkaki, nikatikisa kichwa. Wakaniletea mhogo wa nazi, ambao kwa kawaida naugombania, nikatikisa kichwa. Nikakaa mbali kidogo na makaa, nimewapa mgongo, nachimba mchanga kwa kipande cha chaza. Zuwena alikuja akakaa karibu nami, si kwa kunibembeleza, bali kula mishkaki yangu. Nilikuwa nalia kwa ndani.

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya majabali, Baba akachukua ndoo. Nikasikia makaa yanalia, nikasikia ile harufu, na nikangoja kumwona Bibi akijifunika kanga na kwenda zake. Badala yake alikuja kuketi mchangani, baina yangu na Zuwena. Mvuke ulitupitia kichwani. Bibi alikuwa amefumba macho.

"Harufu hii," akasema, "ndiyo harufu ya garimoshi lililoanguka."

Nilitaka kuendelea kununa lakini sikuweza. Nikageuza uso kidogo.

Akatuambia kwamba alikuwa mdogo kama mimi. Walikuwa wakienda harusini kwa jamaa zao, kutoka Tabora, njia ya Mwanza. Masika yalikuwa makubwa mwaka ule. Stesheni palikuwa na watu wengi, hapakupatikana nafasi ya pamoja, basi baba yake akawagawa. Yeye baba na kaka yake Bibi, jina lake Saidi, wakapanda behewa la mbele, lililofuata injini. Bibi na mama yake na mtoto mchanga wakapanda la mwisho.

"Mimi nilitaka la mbele," Bibi akasema. "Wallahi nililia stesheni nzima. Saidi alinisimulia injini inavyokula kuni, inavyotoa cheche, nami nilitaka kukaa karibu nayo niione. Nikamshika baba kanzu. Akanibandua vidole, akasema, mdogo anakaa nyuma. Nikamnunia. Aliponipungia mkono nikamgeuzia uso."

Zuwena aliacha kutafuna.

"Usiku mvua ilikula tuta. Palikuwa na karavati, kile kidaraja cha kupitishia maji chini ya reli, maji yakapita chini yake na juu yake, na reli zikabaki zinaning'inia, hapana kitu chini. Dereva angeona vipi? Injini ikaingia korongoni, na behewa la mbele likaifuata. Sisi wa nyuma tulirushwa tu. Mimi niliumia midomo, basi. Tuliposhuka, ule moto wa injini ulikuwa umeingia maji, unalia, na mvuke umejaa kila mahali, huoni mkono wako. Harufu ilikuwa hii hii." Akaonyesha makaa kwa kidevu. "Mimi kila nikiisikia nnakwenda zangu kule kwenye boti. Leo nimesema sitakwenda, kwa sababu nimekuona umekaa hapa unalia kama nilivyolia mimi."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Na baba yako?"

"Walipowatoa asubuhi, baba alikuwa bado kamshika Saidi mkono. Wote wawili walikuwa wamekwisha kwenda."

Watu wengine walikuwa wakikung'uta mikeka, Ami Khalfan anapakia masufuria, na hakuna aliyejua sisi tunazungumza nini. Bibi akanigeuza uso kwa kidevu changu, akanitazama.

"Mama," akasema, maana sote wajukuu wa kike alituita mama, "wewe ulidhani nnakuweka nyuma kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, ya masufuria na mkaa, ya kusukwa haraka, ya karanga. Nilipofika kwenye karanga nikaangua kilio hasa, kile cha sauti.

Bibi hakucheka, ingawa sasa nikikumbuka naona alikuwa na haki ya kucheka. Akanivuta kwenye kanga yake. "Subhanallah, mtoto huyu! Walionusurika ni wa nyuma. Mimi mwenyewe nimepona kwa sababu niliwekwa nyuma na mtu aliyenipenda, nami nikamnunia. Ntakuweka wapi pengine?"

Hapo ndipo Zuwena alipouliza, mishkaki mkononi, macho yamemtoka. "Na mimi je? Mimi unaniweka mbele nife?"

Mpaka leo tunamcheka Zuwena kwa swali lile, lakini lilikuwa swali la haki. Bibi akaushika ule mkono wenye mafuta ya mishkaki.

"Lazima wengine wakae mbele, Zuwena. Gari haiendi bila ya mbele. Nyumba nikiijaza yote nyuma, na nyuma kukatokea jambo? Basi nnaigawa kama alivyoigawa baba. Lakini simtumi mtu mbele nikakaa mimi nyuma. Nnakwenda naye mwenyewe, na mkono wake siuachi."

"Hata ukiniuma?"

"Hata ukikuuma."

Zuwena akafikiri, kisha akasema basi abadilishe awe anashikwa mkono wa kushoto, ili karanga ale kwa wa kulia kama Waislamu wengine. Bibi akacheka mpaka akafuta machozi, na akakubali. Akafungua mkoba wake, karanga zilizobaki akanimiminia mimi zote kwenye ushungi wa kijani, ambao nilikuwa bado nimeushika.

Jioni ile nilirudi gari la nyuma nikiwa nimeketi kama malkia. Dirisha lilikuwa limekwama vilevile, sufuria zinagongana, mimi nimekumbatia bakuli tupu la nyama, na mbele yetu nikaziona taa nyekundu za gari la Ami Khalfan zikipanda mlima. Tangu siku hiyo Bibi aliponigusa begani na kusema "Wewe nyuma," nilisikia maneno mengine kabisa. Niliwahurumia hata wale watoto wa Ami Khalfan waliokuwa wakisukumana wapate la mbele, nami sikuwaambia kitu. Siri nzuri haigawanywi ovyo.

Nilipokuwa mtu mzima nilipata kutazama picha za ajali za garimoshi za enzi zile za mvuke, kutoka nchi mbalimbali. Ni picha za ajabu. Injini imelala ubavu kama ng'ombe aliyechoka, mabehewa yamepandana, na watu wamevaa kofia zao wamesimama juu yake kupigwa picha. Nikagundua kwamba sheria ya Bibi haikuwa sahihi hata kidogo. Ziko ajali nyingi ambazo garimoshi moja liliparamia jingine kwa nyuma, na waliokuwa behewa la mwisho ndio walioangamia. Nilimwonyesha Zuwena. Akazitazama, akanirudishia, akasema, "Bibi asijue." Bibi alikuwa amekwisha fariki miaka mingi, lakini nilimwelewa dada yangu.

Alifariki kwa uzee, kitandani mwake, Darsait ileile, na Zuwena alikuwa amemshika mkono. Siku ya mazishi sisi wanawake tulisimama dirishani kutazama. Gari lililombeba likatangulia, la Baba likafuata, na ya majirani wote nyuma, wa Unguja na wa bara. Alikwenda mbele kama kawaida yake, na safari hiyo hakuchukua mtu.

Sheria imebaki. Vijana wanaicheka, wanasema siku hizi magari yana mikanda na mifuko ya hewa, na bado wanajigawa bila kuambiwa. Ijumaa iliyopita, makaa yalipokwisha zimika, tukapanga safari ya kurudi. Sasa wakubwa wa ukoo ni sisi. Gari la mbele hulipanda Zuwena na mimi, kwenye kiti cha nyuma ya dereva, na kiti nilichokililia utotoni nimekipata bila kukiomba. Mjukuu wangu Maya, ambaye hajaanza skuli, alinishika nguo. Alitaka kupanda nasi. Nikamgusa begani nikasema, "Wewe nyuma."

Akanitazama. Nilizitambua mara moja zile nyusi, ule mdomo unaoanza kutetemeka. Nikamwambia mkwe wangu azime injini kidogo. Nikakaa mchangani na magoti yangu haya mabovu, karibu na makaa yaliyoloa, nikampakata Maya na kumsimulia, hapohapo, kabla hajapata nafasi ya kujenga kesi. Mengine hakuyafahamu. Aliuliza kama garimoshi la Suhar nalo litakula kuni, nikamwambia halitakula. Mwishoni akafikiri, akakimbia mwenyewe kwenye gari la nyuma, akakaa baina ya masufuria na mama yake, akatupungia mkono.

Mimi nikampungia, na sikuushusha mkono mpaka nilipoingia garini. Zuwena alikuwa ameshaketi. Tulipofika juu ya mlima, pale barabara inapoanza kuteremka, akanyoosha mkono bila kunitazama, akanibana vidole mpaka vikauma, nami nikambana.